Betri mpya, ugonjwa ule ule

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua pikipiki iliyotumika, mimi ni mmiliki wake wa tatu. Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Sasa asubuhi nikibonyeza stata inalia ta-ta-ta-ta na injini haizunguki. Nikikanyaga breki, indiketa za nyuma zinawaka kwa mbali. Fyuzi kubwa imeungua mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nakata kona ya kushoto. Nimebadilisha betri, nikasafiri siku nne, niliporudi nayo imelala. Fundi mmoja alipima betri injini ikiwa inavuma, akapata volti 12.6, akasema ninunue rektifaya. Ninunue?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usinunue kwanza. Rektifaya ni kile kifaa kinachogeuza umeme unaozalishwa na injini uwe wa kuchaji betri, na kuuzuia usizidi.

Barua yako ina magonjwa matatu au manne, na kila moja limejitaja lenyewe. Tatizo ni kwamba unataka kuyatibu yote kwa dawa moja.

Nianze na hili la breki na indiketa, maana ndilo ninalolipenda. Umeme ukishaingia kwenye taa ya breki lazima upate njia ya kurudi kwenye betri. Njia hiyo ni ethi, ule waya wenye kijicho cha shaba unaofungwa kwa bolti kwenye fremu. Bolti ikishika kutu, umeme hausimami ukasubiri. Unapita kwenye balbu za jirani ukitafuta ethi nyingine, na wewe unaona indiketa zinawaka kama zina usingizi. Chukua kipande cha waya, ncha moja ishikize kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha kikombe cha balbu ya breki, kisha kanyaga breki. Indiketa zikizima na taa ya breki iking'aa, basi umemkamata. Fungua bolti ya ethi ya nyuma, piga msasa mpaka chuma kiwe cheupe, funga, paka grisi juu yake.

Nami sikuzaliwa najua haya. Niliwahi kununua pikipiki iliyopakwa rangi upya, inameta hasa, ikawa haichaji. Nikabadilisha rektifaya, nikabadilisha koili ya magineti, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka. Wapi! Siku ya tatu nikavua tanki, nikakuta ethi kuu imefungwa juu ya rangi mbichi ya fremu. Rangi haipitishi umeme. Nilikwangua kwa kisu eneo la ukubwa wa kucha, chaji ikapanda pale pale. Rektifaya niliyoitoa bado ninayo kabatini, nzima kabisa. Kwa hiyo ukinunua pikipiki yenye rangi mpya, kabla hujaisifia, kagua ethi.

Sasa fyuzi. Ukisema inaungua ukikata kushoto, umeshanionyesha kwa kidole mahali pa kutafuta: shingoni, pale waya zinapotoka kwenye usukani kwenda chini ya tanki. Hapo waya zinakunjwa na kukunjuliwa kila siku. Toa taa ya mbele, geuza usukani polepole huku na huku, tazama ni waya upi unavutwa au unasagwa kwenye chuma. Waya wenye plastiki iliyochubuka ukigusa fremu, fyuzi inakwenda. Lakini chunguza pia waya ambao kwa nje ni mzima: ubonyeze kwa vidole, ukikuta sehemu laini isiyo na kitu ndani, nyuzi za shaba zimekatika. Huo utakuzimia ghafla barabarani bila kuunguza fyuzi yoyote. Na tafadhali, usiweke fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa, wala usiizungushie karatasi ya pakiti ya sigara. Nimeshaona waya wote wa tanki umeyeyuka ukawa mkate mmoja kwa ajili ya karatasi hiyo.

Betri iliyolala siku nne: kuna kitu kinakunywa umeme ufunguo ukiwa umezimwa. Fungua waya hasi wa betri, weka mita kwenye kipimo cha ampea 10, ncha moja kwenye waya, nyingine kwenye hasi ya betri. Usiwashe ufunguo mita ikiwa hapo, utaiunguza. Ukiona karibu sifuri, shuka kwenye miliampea. Saa ya dashibodi inaweza kula moja au mbili, si neno. Tuseme unasoma 50: kwa siku ni ampea-saa 1.2, na betri ndogo ya ampea-saa 5 inakauka katika siku nne na ushee. Siku zako zile zile! Hapo chomoa kimoja kimoja mpaka namba ishuke. Ningeanza na alamu, taa za ziada na chaja ya simu, yaani chochote ambacho hakikutoka kiwandani. Wamiliki wawili waliokutangulia hawakukosa kuongeza chao, na mara nyingi utakuta waya umesokotwa kwa mkono na kufungwa tepu nyeusi iliyokwisha kunata.

Ndipo tufike kwenye rektifaya. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inasoma kama 12.6 mpaka 12.8. Injini ikivutwa mpaka mizunguko 4,000 hivi kwa dakika, isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikizidi 15, rektifaya imeshindwa kuzuia na betri itachemka. Yako ilisoma 12.6, kwa hiyo kweli haichaji, lakini namba hiyo haimtaji mkosaji. Injini ikiwa inavuma vilevile, weka ncha moja ya mita kwenye waya wa rektifaya unaopeleka chaji (mara nyingi ni mwekundu), nyingine kwenye chanya ya betri. Ukisoma zaidi ya volti 0.3 hivi, umeme unapotelea njiani, kwenye soketi au kwenye fyuzi. Soketi inayopoteza volti 1.5 huku zikipita ampea 10 inageuka hita ya wati 15, ndiyo maana unaikuta ya kahawia na inanuka. Kama njia ni safi, pima koili: injini ikiwa imezimwa na soketi yake imechomolewa, waya zake za njano, kama ziko tatu, zisionyeshe mgusano wowote na fremu. Zikigusa, koili imekufa. Zikiwa salama, washa injini, pima kila jozi kwa kipimo cha AC (umeme geu): zote zitoe volti zinazokaribiana. Koili ikifaulu hapo, na ethi ya rektifaya ni safi, nenda kanunue rektifaya kwa amani.

Ta-ta-ta-ta ya stata usihangaike nayo sasa. Ni rilei, ile swichi inayovutwa kwa umeme, inayoshika na kuachia kwa sababu betri imechoka. Ichaji betri hiyo kabla hujapima chochote.

SWALI: Taa yangu ya mbele inafifia injini ikinguruma polepole, nikivuta mafuta inang'aa. Nibadilishe nini?

JIBU: Pengine hakuna. Pikipiki nyingi ndogo zinawasha taa ya mbele moja kwa moja kutoka kwenye koili, bila kupitia betri, kwa hiyo taa inafuata mwendo wa injini. Usiweke humo balbu ya LED ya umeme wa betri, itacheza cheza.

SWALI: Nimeweka indiketa za LED, sasa zinapepesa mbio mbio.

JIBU: Rilei ya indiketa inadhani balbu zimeungua, kwa sababu LED inakula umeme kidogo. Weka rilei ya LED. Ila kwa wenye balbu za kawaida, ikipepesa mbio upande mmoja tu, shuka ukaangalie, balbu moja imekufa kweli.