Maswali ya Wasomaji: Kitabu cha Ufunguzi Kinavyogeuza Matokeo

SWALI: Nimeshindanisha injini mbili za sataranji (programu zinazocheza zenyewe) kwa Cutechess, programu ya kuzipambanisha, michezo 100. Kwa kitabu kimoja cha ufunguzi (orodha ya hatua za mwanzo ambazo michezo huanzia) injini A ilimwacha B mbali. Nilipobadili kitabu, karibu zote sare. Nimwamini nani?
Msomaji, Uyole, Mbeya

JIBU: Usimwamini yeyote bado. Zima kwanza OwnBook (chaguo linaloiruhusu injini kutumia kitabu chake yenyewe) kwenye injini zote mbili, la sivyo unapima vitabu, si injini. Kisha kila ufunguzi uchezwe mara mbili kwa kubadilishana rangi, kwa amri ya Cutechess: -games 2 -repeat. Chukua ufunguzi wa hatua e4, e5, f4. Injini nyingi huona Nyeusi iko juu kidogo hapo, kwa hiyo A akipewa Nyeusi bila marudiano, ushindi huo ni wa kitabu.

Sare nazo zina sababu. Injini kali zikianza mahali palipo sawa hazikosei vya kutosha kupoteza. Ndiyo maana wapimaji hutumia vitabu vya UHO (Unbalanced Human Openings, yaani funguzi zisizo na usawa), ambavyo makusudi humpa Mweupe nafuu. Lakini nafuu ikizidi, kila upande hushinda na Nyeupe na jozi huishia 1-1: kelele nyingi, jibu hakuna.

Weka order=random ili funguzi zichaguliwe ovyo, maana kitabu kikisomwa kutoka juu, michezo 100 ni funguzi 50 za mwanzo tu, mara nyingi za familia moja. Tena michezo 100 ni kiduchu: sare zikiwa nusu, kosa hufika kama Elo 50 (alama za kupimia nguvu ya mchezaji) juu au chini. Anzia 2,000, muda mfupi, na uhifadhi PGN (faili la kumbukumbu za michezo). Umeme wetu mnaujua.