Kabla ya kuongeza vikao vya ajaili, hesabuni kadi

Timu nyingi za programu huanza ajaili (agile, yaani kutengeneza programu kwa vipande vidogo na kuirekebisha mara kwa mara) kwa vikao: cha asubuhi, cha mipango, cha tathmini. Havina ubaya, ila kazi haisogei kwa vikao. Tazameni ubao wenu wa kazi, ambako kila kadi ni kazi moja na kila safu ni hatua iliyofikia. Watu wakiwa watano na kadi 12 ziko safu ya "Inafanyika", tatizo ni hilo, hata kama kila asubuhi mnasimama dakika 15 bila kukosa.

Hesabu yake ni nyepesi. Mkimaliza kadi 3 kwa wiki, hizo 12 zitachukua wastani wa wiki 4 kila moja. Zikiwa 6, kwa kasi ileile, ni wiki 2. Basi wekeni kikomo juu ya safu, tuseme kadi 4. Kikijaa, aliyemaliza yake hachukui mpya. Anakagua msimbo (code) wa mwenzake au anasaidia kupima. Mwanzoni itawauma, maana asiye na kadi huonekana mvivu, na mara nyingi meneja ndiye wa kwanza kuvunja kikomo kwa "kakazi kadogo ka dharura".

Kikomo hakifui dafu kadi zikiwa kubwa mno. Wengi hukata kazi kwa tabaka za mfumo: kadi ya hifadhidata, ya seva, ya skrini. Mbili za kwanza zinakwisha na mteja bado hana cha kutumia. Kateni kipande chembamba kinachopita tabaka zote. Kwa malipo ya M-Pesa, kadi ya kwanza iwe hivi: mteja alipe bili moja, kiasi kamili, aone "Imelipwa". Ya pili, wala msiiweke mwisho: ameingiza PIN, pesa zimekatwa, jibu halijafika kwenye seva yenu. Mfumo uulizie kwanza hali ya muamala, usimwambie alipe tena. Malipo nusu na kurudisha pesa vitafuata. Kadi inayozidi siku 3 ikatwe upya.

"Imekwisha" nayo iandikwe maana yake: msimbo umekaguliwa na mtu mwingine, majaribio ya otomatiki yamepita, na anayemwakilisha mteja ameijaribu kwa mkono wake.

Asubuhi someni ubao kutoka kulia, kwa kadi zilizo karibu kumalizika, mkiuliza kila moja imezuiwa na nini. Nani alifanya nini jana si muhimu sana. Kwenye tathmini chagueni badiliko moja tu, lipewe mtu wa kulisimamia, lipandishwe ubaoni kama kadi nyingine yoyote, nalo lihesabiwe ndani ya kikomo.