Samoni wa asili Ulaya wanapungua, hawaongezeki

Ukiuliza kama samaki aina ya samoni wanaovuliwa Ulaya wanaongezeka, jibu ni hapana, wanapungua. Kinachokua ni ufugaji: Norway peke yake huvuna zaidi ya tani milioni 1.5 kwa mwaka kutoka kwenye vizimba vya baharini, na ukizijumlisha na za uvuvi picha inageuka kabisa. FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, hutenganisha waliovuliwa na waliofugwa, kwa hiyo angalia takwimu za uvuvi pekee. Ireland ilipiga marufuku nyavu za kuelea za kuvulia samoni baharini tangu 2007. Juni 2024 Norway yenyewe ilifunga mito 33 katikati ya msimu kwa sababu samoni waliorudi kutaga walikuwa wachache mno. Inasikitisha sana. Trauti, samaki wa jamii ya samoni, pia wengi wanaouzwa madukani ni wa kufugwa.