Sabuni yangu iko "biodegradabo", basi haina shida kwa ziwa?

Jambo ba ndugu. Mimi ni mama wa Kadutu, huku Bukavu, natengenezaka sabuni ya maji na Texapon (ile dawa nzito ya kutoa povu), asidi sulfoniki na soda, nauzishaka kwa bidoni. Mwenye kuniuzishia asidi anasema iko biodegradabo (bakteria zinaweza kuikula ikaisha), hata imeandikwa kwa etiketi, lakini jirani anasema tunaua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu. Wanajuaje hiyo kitu, wanaweka tu mu maji wanangoja ao?

Mama, karibu ni vile vile. Kuna vipimo vinaitwa OECD 301 (OECD ni shirika la nchi nyingi), wanaweka kile kitu mu chupa ya maji yenye chumvichumvi kidogo tu, wanatia bakteria za matope ya pale wanasafisha maji machafu, na hizo bakteria hazina chakula kingine isipokuwa hicho, kisha chupa inafungwa gizani karibu nyuzi 22, siku 28. Bakteria ikikula inapumua, kwa hiyo wanapima oksijeni ngapi imetumika. Ikifika asilimia 60 ya ile ingehitajika kumaliza kila kitu, imepita, na kutoka asilimia 10 kufika pale inapewa siku 10 tu. Mbona si 100? Sababu bakteria nazo zinanenepa, kaboni ingine inakuwa mwili wao. Kando wanaweka chupa ya benzoati ya sodiamu, kitu rahisi kukula, na kama hiyo haijafika 60 siku ya 14, wanatupa kazi yote.

Asidi yako ikichanganyika na soda inakuwa LAS (ile dawa yenyewe ya kutoa uchafu), inaharibika vizuri, Texapon pia. Zamani sabuni za unga zilikuwa na molekuli yenye matawimatawi, bakteria zikashindwa, mito ya Ujerumani ikajaa povu mpaka wakatoa sheria 1961.

Sasa jirani yako hajakosea yote. Kile kipimo kiko na oksijeni, na Kivu kutoka karibu mita 60 kwenda chini haina (gazi ya metani iko huko, unajua mwenyewe), na LAS bila oksijeni haiharibiki kwa urahisi. Tena hakuna mtu aliuliza samaki: kitu kinaweza kuisha mu mwezi na kuua sambaza siku ya kwanza, hiyo ni kipimo kingine kabisa, na etiketi yako haikisemi.

Ile maji ya kusuuza bidoni usimwage pwani, osha nayo sakafu ao tengeneza nayo sabuni ya kesho.