Vidonge vya antioksidanti na jeli ya benzoili peroksaidi, vinapingana?

Swali: Dokta, dada wa duka la vipodozi kaniambia chunusi zangu zinaletwa na radikali huru (molekuli kali zinazoharibu seli), kaniuzia vidonge vya antioksidanti vya kuzizima. Famasi nako nimepewa jeli ya benzoili peroksaidi, nasikia inatoa radikali hizohizo. Si najichanganya?

Jibu: Hujichanganyi dada yangu, na huyo wa dukani hakudanganya, kasema nusu tu. Mafuta ya usoni yana kitu kinaitwa skwalini, kikipigwa na jua kinaoksidika, yaani kinaungana na oksijeni, kinageuka peroksaidi ambayo inachokoza ngozi na kusaidia kuziba kitundu cha nywele, humo ndani bakteria wanazaliana, seli nyeupe zikija kupambana zinamwaga superoksaidi, moja ya hizo radikali huru, na hiyo haichagui, inaumiza na ngozi yako mwenyewe, ndo unapata kile kivimbe kinachouma na kuacha doa jeusi.

Mwili una vimeng'enya vyake vya kujilinda. Kimoja kinaitwa SOD (superoksaidi dismutesi), inageuza superoksaidi kuwa haidrojeni peroksaidi, halafu katalesi inaivunja inakuwa maji na oksijeni (lile povu ukimwagia kidonda haidrojeni peroksaidi, ni katalesi hiyo). Tafiti kadhaa zimekuta SOD iko chini kwa wenye chunusi, ila kwa katalesi majibu hayalingani. Na SOD kuwa chini haikuambii nani kaanza, huenda uvimbe wenyewe ndo umeimaliza.

Sasa jeli. Inatoa radikali kweli na ndo kazi yake, inaua bakteria palepale kitunduni, tena hawaizoei kama wanavyozoea antibayotiki. Kidonge ulichomeza hakifiki pale kwa kiwango cha kuizima. Na kama ni SOD ya kumeza, hiyo ni protini, tumbo linaisaga kama maharage tu.

Kwa hiyo jeli endelea nayo, chukua ya 2.5%, kwa kutibu inakaribiana kabisa na ya 10% ila haikaushi sana, paka nyembamba usiku, ipe muda wiki 8 hadi 12, na foronya iwe nyeupe maana inachujua rangi vibaya mno. Mchana sanskrini, skwalini haiachi kuoksidika eti kwa sababu tu umemeza kidonge. Drip ya glutathioni (antioksidanti ya kuingizwa kwenye mshipa) wakikushawishi kataa, hiyo biashara ya kung'arisha ngozi sio tiba ya chunusi. Hivyo vidonge soma lebo, kama kuna zinki ina ushahidi kiasi, lakini usizidishe dozi, zinki nyingi kwa miezi inashusha madini ya shaba mwilini.