Sare ya sita

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, nauza chakula Tabata. Niko kwenye magroup saba ya michango ya harusi. Mwaka huu nimeshashona sare tano. Kitenge cha ya sita nimekinunua kwa mkopo wa kausha damu, kiko kwa fundi, na ada ya mtoto sijamaliza. Naogopa kukataa, nitaonekana nina roho mbaya. Nimeandika ujumbe mrefu wa kujitoa kote na kuwaambia sijali tena watasemaje. Nimeuandika upya mara nne. Niutume?*
*Mama Wawili*

Marahaba, mwanangu. Usiutume.

Asiyejali watasemaje haandiki upya mara nne. Ni kama kanga ya "Waache waseme": mwenye nayo huipitisha makusudi mbele ya mlango wa jirani, isomwe. (Ninayo. Najua.)

Sikudanganyi kwamba watanyamaza. Niliwahi kwenda harusini na gauni langu la kijani, meza nzima wamevaa zambarau. Tulipoinuka kwenda kutunza, mmoja akanisogeza kwa kiwiko nisiharibu picha. Siku mbili sikulala vizuri, roho iliniuma kweli. Siku ya tatu mkaa ukaniishia, nikawa na jambo la kushughulikia.

Wewe unaponzwa na kujieleza. Ukisema huwezi kwa sababu ya ada, mweka hazina ana jibu mkononi: "Lipa kidogo kidogo, dada." Ukisema biashara mbaya, "Ndiyo maana tumetangaza mapema." Kila sababu unayompa ni mlango wa kuingilia. Andika hivi tu: "Hongereni sana. Nitatoa elfu ishirini, sare sitashona." Kisha zima data, rudi kwenye masufuria yako. Mikono itakuwasha uongeze neno, au kale kasura kanakocheka. Acha.

Wala si kila group ni la kukimbia. Barua yako nimeifupisha, lakini umemtaja jirani aliyekupakia kwenye bajaji saa nane usiku, uchungu umekubana, akakaa nawe hadi asubuhi. Bintiye akiolewa, toa, na umenye vitunguu pia. Hapo hakuna woga, ni deni la utu. Ila binamu wa mteja wako, ambaye hata sura yake humjui, alikuingiza nani kwenye kamati yake? Huko ondoka kimyakimya usiku, bila hotuba.

Halafu kausha damu. Huo mkopo umalize kabla ya mchango wowote, maana marejesho yake hayajui kama wiki hii kuna send-off.

Na kesho asubuhi pitia kwa fundi kabla hajashika mkasi. Kitenge kisichokatwa bado ni pesa, na kwenye kila kamati hakosekani aliyechelewa kununua sare.