Kaptula ya Nani Hiyo, Mama J.?

*Shangazi, shikamoo. Naishi Soweto hapa Moshi, nina watoto wawili. Wa kwanza ana miaka mitano, yuko awali kwenye shule ya Kiingereza tupu, Kiswahili hairuhusiwi hata uwanjani, na ndiyo maana niliipenda. Kila asubuhi ni vita. Tumbo linauma, anatapika chai, anang'ang'ania mlango wa haisi mpaka konda ambandue. Hadi Januari alilelewa na bibi yake mzaa baba huko Kibosho, na huko ndiko alikoharibiwa. Likizo ya Juni alirudi kule, tumbo halikuuma hata siku moja, nikajua ni usanii tu. Mume wangu anapandisha wageni mlimani. Akiwa nyumbani anampeleka mwenyewe kwa pikipiki na siku hizo mtoto halii, maana anamdekeza, anasimama naye getini mpaka kengele ilie. Mama mkwe anadai mtoto kuna kitu kinamtisha, anataka aje akae nasi. Nimemchapa, nimemnyima katuni, wapi! Juzi hata kaptula karudi na isiyo yake, mara ya pili sasa, anachezea tu vitu. Nimpeleke bweni akakomae? Na huyu mama nimzuieje asije? — Mama J.*

Marahaba, Mama J. Pole. Kumvisha soksi mtoto anayerusha mateke, mdogo wake analia mgongoni, nje ukungu na baridi ya Julai, si kazi ya mchezo. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako ndefu umemshitaki mama mkwe karibu ukurasa mzima (nimeipunguza, wasomaji wanisamehe), kisha kaptula ukaipitia mbio mbio mwishoni kama mtu anayeruka dimbwi. Mimi nimesimama hapo hapo kwenye dimbwi.

Watoto wa miaka mitano hubadilishana penseli, vifutio, hata chawa. Kaptula hawabadilishani. Kaptula ya mtoto imefungwa kifungo kigumu ambacho wewe mwenyewe unakihangaikia kila asubuhi. Ile ya kwake alivuliwa na mtu mzima, kwa sababu ililowa au ilichafuka, akavishwa iliyopatikana. Mara mbili! Na ya kwake ilirudije? Najua ilirudi imeviringishwa chini kabisa ya begi, chini ya daftari na chupa ya maji, mahali ambapo mtoto huficha aibu yake. Uliifua wewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii hawakuwa wanasema kwa mafumbo.

Sasa unganisha na lile ulilojisifia. Shuleni kwake Kiswahili hairuhusiwi. Mtoto aliyeteremka Kibosho Januari na Kichagga chake na Kiswahili chake, ataombaje ruhusa ya kwenda chooni? Anayajua maneno hayo kwa Kiingereza? Mjaribu leo jioni. Kama hawezi kuyatamka pale sebuleni huku anacheka, darasani mbele ya mwalimu na wenzake thelathini hatayatamka. Atabana. Atabana mpaka saa nne, mpaka mkojo usibanike tena. Halafu wenzake watacheka, na kesho yake tumbo litamuuma kweli, si usanii. Hofu humshika mtoto tumboni. Ndiyo maana Kibosho halikuuma. Wewe umeichukua likizo ile kuwa ushahidi wa uongo wake, wakati ni ushahidi kwamba akiwa salama tumbo linatulia.

Sikuwepo, naweza kukosea. Huenda ni choo chenyewe, giza, tundu kubwa, mlango usiofunga. Huenda yuko mkubwa anayewatisha huko. Kwa hiyo kabla ya yote mpeleke kituo cha afya wampime mkojo, maana mtoto aliyekuwa haloi akaanza kujilowesha huenda ana maambukizi tu, na hilo lina dawa. Akiwa mzima, ndipo uzungumze naye. Usimuulize "kwa nini hutaki shule?" Swali hilo hata baba yake hawezi kulijibu kuhusu kazi yake. Mwoshe miguu jioni, na wakati unamwosha muulize ukiwa hata humwangalii: choo cha kwenu kiko wapi? Kina mlango? Ukibanwa unamwambia nani? Kisha unyamaze. Usimjibie.

Na kulala kwake vipi? Umeniandikia haisi inampitia saa kumi na moja na nusu ili izunguke mji mzima kuokota wengine, na kwamba unamnyima katuni "mpaka tamthilia yangu iishe". Tamthilia inaisha saa nne usiku, Mama J. Umri wake unataka usingizi wa saa kumi na zaidi, anapata saba. Mimi mwenyewe ningetapika chai.

Fimbo iweke chini. Hata shuleni fimbo ina kanuni zake: mwalimu mkuu au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, zisizidi nne, na ziandikwe. Wewe jikoni kwako nani anakuandikia? Unamchapa mtoto kwa kuogopa, kisha unashangaa uoga unaongezeka. Ila usije ukaruka upande wa pili ukamwacha alale nyumbani siku mbili tatu "apumzike". Shule aende. Siku moja ya kubaki nyumbani inaizaa ya pili.

Bweni ndiyo usahau kabisa. Tangu 2023 serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na sababu ni watoto kama wako. Nashangaa hata wazo hilo lilikujia. Mtoto ametolewa kwa mwanamke aliyemlea tangu anatambaa, akaletwa mjini kwa mama mwenye kichanga, akaingizwa shule ya lugha ya watu, vyote kwa Januari moja, na sasa unataka umtoe tena!

Mumeo nampa mkono. Unasema anadekeza kwa sababu anasimama getini. Mwanaume anashuka mlimani magoti yakiwa moto, badala ya kulala anawasha pikipiki alfajiri kumsindikiza mwanawe. Wenzako humu wananiandikia waume zao hawajui hata jina la darasa. Halii akiwa naye kwa sababu baba hamkabidhi kwa konda kama gunia la viazi. Anamkabidhi kwa mwalimu, anaaga, anaondoka. Jifunze kwake. Na kama amewahi kutamka shule ya serikali iliyo jirani, ambayo awali yake haina ada na Kiswahili ndiyo lugha yake, msikilize mpaka amalize sentensi. Najua mashoga zako watasema. Ndoa za siku hizi zina tatizo hilo, tunamsomesha mtoto kwa ajili ya status. Joho la mahafali ya chekechea linapigwa picha arobaini, na aliye ndani ya joho hajaulizwa kama amebanwa mkojo. Mume mnamtaka, mama aliyemzaa hamumtaki, mnataka mwanaume aliyeota kama uyoga. Mama mkwe akinyamaza hajali, akisema anaingilia. Nimekaa kwenye ndoa miaka thelathini na moja, mama mkwe wangu alikuwa mkali kuliko pilipili, na bado ndiye aliyegundua mwanangu hasikii sikio moja.

Huyo mama wa Kibosho hajakanyaga shule hiyo hata siku moja, na ameona kitu kinamtisha mtoto. Mwache aje. Wiki mbili tu, akupikie mtori, ashike kichanga asubuhi ili mikono yako miwili ibaki kwa huyu mkubwa. Akikukera, nenda sokoni Mbuyuni ukazungukezunguke.

Ila kabla hajafika, ile kaptula ya watu ifue, ipige pasi, na Jumatatu usimpe konda. Ipeleke mwenyewe, uliza ni nani alimvisha mwanao. Huenda ni dada wa usafi, wala si mwalimu. Mshukuru, halafu muulize alimkuta wapi na alikuwa analia au amenyamaza.